Uchaguzi wa Mwisho wa Baraza la Orofa Tatu

Juzi nilishuka mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg, kununua unga wa muhogo, maana huku Observatory ninakoishi siku hizi madukani utapata kila aina ya mkate ila chakula. Kampeni za madiwani zimeanza na kila nguzo ya taa ina uso wa mtu anayetabasamu. Robot, yaani taa ya barabarani, iliponisimamisha niliinua macho nikaona jengo letu. Limepakwa rangi ya kijivu na lango lake siku hizi linafunguka kwa alama ya kidole. Watu husema ukirudi ulikokulia moyo hushtuka. Wangu haukushtuka. Nilikuwa kama ulimi unaogusa ufizi uliotiwa ganzi: najua pana kitu pale, ila sikisikii. Wa nyuma yangu akapiga honi, nikaenda zangu.

Nimeona nikusimulie sasa, rafiki yangu, wakati jambo hili bado haliniumi. Huenda wewe ukashtuka kwa niaba yangu.

Nilipokuwa mtoto jengo lile halikuwa na mwenyewe. Yaani mwenyewe alikuwapo kwenye makaratasi, lakini alikuwa ameacha kuja hata kudai kodi. Lilikuwa na orofa tatu, ngazi zinazonuka mafuta ya taa, na bomba moja la maji pale chini ambalo asubuhi lilikohoa kabla ya kutoa chochote. Tuliokaa humo tulikuwa Wakongo, Watanzania, Warundi, na fundi cherehani mmoja wa Kenya aliyesema yeye anapita tu, akapita hivyo hivyo kwa miaka chungu nzima. Siku za mechi kelele za uwanja wa mpira wa jirani zilitufikia jikoni kabla ya habari za redioni, hata tukajua nani kafungwa kwa kusikiliza tu. Na kwa kuwa hapakuwa na mwenye nyumba wa kulalamikiwa, watu walijitawala. Tulikuwa na baraza.

Baraza hilo lilitoka Uingereza. Usicheke. Alilileta mzee mmoja wa Tanga, jirani yetu wa chini, ambaye ujanani aliwahi kuishi huko akifanya kazi ya kupanga viti na kubeba masanduku ya kura katika ukumbi wa baraza la wilaya fulani ya mashambani. Sisi watoto tulikaa mlangoni pake akikanda unga wa chapati, naye akitusimulia chaguzi za wilaya ile kama wengine wanavyosimulia hadithi za sungura. Hawakuchagua madiwani wote kwa mpigo, alisema. Walichagua theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwaka ujao, na mwaka wa nne wakapumzika. Kuna wakati chama kimoja kilitawala mpaka kikazoea, halafu kikaanguka, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na wingi wa kutosha, ikawa kila jambo lazima waombane. Kuna mama alilala kata moja akaamka nyingine kwa sababu mipaka ilisogezwa, naye akagoma kupiga kura kabisa. Mwishowe baraza lenyewe lilifutwa, likamezwa na kubwa zaidi, na mzee aliliombolezea kama mtu anavyoiombolezea timu iliyoshuka daraja. "Hakuna aliyelia ila mimi," alituambia, "na mimi hata kura sikuwa nayo."

Basi watu wazima walipokaa kutafuta utaratibu, ni yeye tu aliyekuwa nao mkononi, wakauchukua ulivyo. Kila orofa ikapewa viti viwili, na kila mwaka theluthi moja ya viti ikagombewa. Mwaka wa nne tulipumzika, nao ndio uliokuwa na ugomvi kuliko yote, kwa kuwa watu walikosa pa kuumalizia. Baraza lilipanga zamu za kufagia ngazi, zamu za kulinda lango, na nani achote maji kwanza.

Kura zenyewe tulizifanya kivyetu. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mtu mzima alipewa punje moja ya harage, akaingia stoo ya chini, nyuma ya pazia la kitenge, akaitumbukiza katika kopo la mgombea wake. Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga, na juu yake pamebandikwa picha ili asipotee mtu. Msimamizi aliketi mlangoni kuhakikisha hakuna anayeingia na ngumi iliyojaa. Baada ya kuhesabu, maharage yote, ya mshindi na ya mshindwa, yaliongezewa mengine, yakapikwa chungu kimoja tukala pamoja. Sijawahi kula maharage matamu vile, ingawa naambiwa yalikuwa ya kawaida tu.

Sasa nikwambie habari za bibi, mama yake mama, kwani uchaguzi wa mwisho ulimhusu yeye. Sisi tulimwita nkambo. Aliishi orofa ya tatu kama sisi, lakini si kwetu. Aliishi katika chumba cha kufulia mwisho wa ujia, chumba chenye masinki mawili ya saruji ambayo aliyageuza kabati. Hakuna aliyemfukuza. Kwetu, kusini mwa Kongo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya dari moja, hawapishani njiani na hawatazamani usoni, mpaka wazee wa pande zote mbili wakutane, wapikiane, na kuwafungulia. Baba na mama waliikimbia nchi, bibi akiwa nao, kabla ya siku hiyo kufika. Kwa hiyo mwiko ulisafiri nao mpaka Johannesburg, ukapanda nao ngazi.

Waliuishi kwa adabu kubwa. Baba, aliyekuwa mlinzi kwenye ghala la mjini, kila akirudi alichezesha funguo zake chini ya ngazi ili bibi apate muda wa kuingia ndani. Bibi naye alipika sombe, yaani kisamvu, kwa samaki wakavu, na bukari laini, ndiyo ugali wetu, nami nikabeba sahani ya baba kwa mikono miwili. Wakitaka kusemezana walisema na mimi. Bibi alisimama nyuma ya mlango wake, baba akiwa hatua chache tu, naye akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Mwambie baba yako ile mafuta ya taa imeisha." Baba naye akaniambia, "Mwambie nkambo nimesikia." Kesho yake kidumu kilikuwa mlangoni. Nilidhani kila nyumba ina mtoto wa kazi hiyo.

Kisha ikaja kampuni. Watu wake walivaa viatu safi, wakasema wamelinunua jengo na hawataki vita. Tukilikabidhi kwa hiari, kila mwenye chumba chenye namba atapewa mkataba na maji ya moto. Tukikataa, twende mahakamani, na huko hakuna aliyejua tungetokea mlango gani. Chumba cha kufulia hakikuwa na namba. Mama aliwauliza mara mbili, nao wakamjibu mara mbili, kwa upole, kwamba kufulia si makazi.

Baraza liligawanyika. Mwaka ule kiti kimoja cha orofa yetu kiligombewa, na hesabu ilikuwa wazi hata kwa sisi watoto: mama akikipata, pande mbili zinalingana na mpango wa kukabidhi unaanguka, akikikosa, jengo linakwenda, na bibi hana pa kulala. Aliyeshindana naye alikuwa jirani muuza vipuri vya simu, kijana wa Dar es Salaam, mtu mwema kabisa aliyetupa magwinya, maandazi ya huku, kila Jumamosi. "Mimi na mama yako hatuna ugomvi, mdogo wangu," aliniambia nikimpisha ngazini na ndoo zake. "Nimechoka kupandisha maji tu." Hata leo siwezi kumchukia, na nimejaribu.

Picha ya mama ilikuwa kitana, kwa kuwa alisuka nywele. Alipiga kampeni akiwa na vidole ndani ya vichwa vya watu, na mwenye kichwa hana pa kukimbilia. Kabla ya siku yenyewe wakatafuta msimamizi wa mlango. Jirani mwenyewe ndiye aliyemtaja baba. Alisema yule bwana hata mkewe hawezi kumpindisha, watu wakacheka, wakakubali, na baba akaona fahari. Hakuna hata mmoja aliyefikiria zaidi ya hapo. Mama alikuwa akihesabu vichwa, baba alikuwa akipiga pasi sare yake, na mwiko ulikuwa umekaa nasi siku nyingi hata tukausahau, kama mtu anavyosahau miwani iliyo usoni.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Baba aliketi kwenye kigoda katika mlango wa stoo, ule mlango mwembamba ambao kila mpiga kura alilazimika kupita akigusa magoti yake. Hakuchezesha funguo, maana alikuwa kazini. Watu walishuka orofa kwa orofa, wakacheka, wakatumbukiza, wakapanda. Mzee wa Tanga alihesabu punje kwenye sinia mbele ya wote, akarudia, akamwita fundi cherehani ahesabu na yeye. Zililingana.

Watu walianza kuguna, mzee akainua mkono. Nadhani hiyo ndiyo saa aliyoisubiri tangu ujana wake. "Kule wakilingana hawagombani," alisema. "Wanavuta kijiti, mambo kwisha." Alivunja njiti mbili za ufagio, akazificha ngumini, akasema mwenye fupi ameshindwa. Akaanza mama kwa kuwa ni mwanamke. Mama alivuta ile fupi. Jirani hakushangilia, alitazama chini, akamwambia pole, naye mama akamshukuru.

Nilipanda na mama kwenda kumpa bibi habari. Tulimkuta amekaa kitandani, nguo za kanisani bado mwilini, na punje ya harage kiganjani.

"Mama, haukushuka?" mama aliuliza.

"Nilishuka. Nilifika pa kona ya ngazi. Mukwe wangu alikuwa pa mulango. Ningepita wapi?"

"Ungeniita."

"Niseme nini, na watu wote wako pale? Nimupatishe haya mbele ya watu?" Kisha akasema, kana kwamba anatuliwaza, kwamba alidhani punje moja haiwezi kupunguza kitu.

Mama hakulia. Alikaa kwenye sinki la saruji na mikono mapajani. Mimi nilisubiri kuhisi kitu, hasira au huzuni, nikahisi baridi ya sakafu tu. Wa kulaumiwa hakuwapo. Bibi alikuwa amemheshimu baba, na baba alikuwa ameheshimu kura. Jioni ile chungu kilipikwa kama kawaida, na baba, ambaye kwa wakati huo alikwisha ambiwa, alikaa na sahani yake mpaka mchuzi ukaganda juu.

Alijaribu, usidhani hakujaribu. Alinunua vocha akawapigia wazee huko Kongo, akaomba wawafungulie kwa simu ili bibi ahamie kwetu. Wazee walisema jambo hilo halina njia ya simu. Lazima watu waonane, wale. Bibi aliposikia alisema wazee wana haki. Baraza lilikutana mara moja tu baada ya hapo. Likapitisha makabidhiano, na mzee wa Tanga mwenyewe akatoa hoja kwamba baraza livunjwe. Aliisoma kwa sauti iliyonyooka, kisha akaomba asaidiwe kushuka ngazi.

Bibi aliondoka kwa basi, akaenda kwa mjomba Lubumbashi. Asubuhi ile mama na mimi tulibeba mizigo mpaka mlango wa basi. Baba alisimama ng'ambo ya barabara, akiwa ametugeuzia mgongo, mpaka basi likatoka. Nami nikawa mtoto asiye na kazi ya kupeleka maneno. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akachezesha funguo chini ya ngazi, na wiki zilizofuata pia, ingawa mwisho wa ujia mafundi walikuwa wameshaanza kubomoa masinki.

Wote wametawanyika. Mzee wa Tanga alikwenda kwa binti yake Durban akafia huko. Jirani alipata maji ya moto kwa miaka miwili, kodi ikapanda, naye akahama. Fundi cherehani alipita kweli. Sidhani kama leo yuko mtu ndani ya jengo lile anayejua kwamba lilikuwa na serikali yake, na kwamba serikali hiyo ilianguka kwa kijiti cha ufagio.

Bibi alifariki nikiwa nimekwisha maliza shule. Mjomba alituma picha kwenye simu yangu: bibi amelala, uso wazi, kitambaa cheupe kichwani. Niliitazama nikasubiri tena, na tena hakikuja kitu. Baba aliwapigia wazee kuuliza kama sasa anaweza kumwangalia. Wakasema anaweza. Aliichukua simu, akaenda nayo dirishani penye mwanga. Kisha akaniangalia mimi, akairudia picha, akaniangalia tena.

"Hii sura ni weye," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa namuangaliaka, na sikujua."

Akanirudishia simu, akaenda kuvaa sare yake ya kazi.