Mwalimu alituma homework ya kuhesabu watu wa nyumbani, mjukuu wangu akakataa kunihesabu

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mama mzee, shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo ukiona neno limekaa upande lisukume tu na macho liingie mahali pake. Lakini mambo yenyewe yamenyooka. Watu wote nitawataja wako hai, ila mama yangu tu, na wengine wao wako na simu.

Niko Giakanja, hapa Nyeri. Naishi na mzee wangu Ndirangu na mjukuu wetu Wangechi, ambaye ako miaka minne na yuko PP1, ile ya kuanzia chekechea. Wangechi ni jina langu. Kwetu msichana wa kwanza wa kijana wako anachukua jina lako, kwa hivyo mtu akiita "Wangechi!" huko barabarani tunaitika wawili, na mmoja wetu anakimbia.

Si mimi.

Baba yake ni kijana wangu Muriuki, mama yake ni Muthoni. Hao wanauza mchele Wang'uru, huko Mwea. Mtoto walituachia kwa sababu kule Mwea mbu ni wengi, na duka haikuwa na mtu wa kumwangalia. Mimi nilifurahi sana. Nyumba ya wazee wawili ni kimya, mnasikiana mkimeza chai.

Sasa, mwalimu wa Wangechi anaitwa Nafula. Ametoka Bungoma, ni mwanamke wa sauti kubwa na roho kubwa zaidi. Yeye hatumi homework ya kitabu. Anatuma mchezo kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi. Leo tafuteni kifuniko cha kila sufuria. Kesho pangeni vitu kutoka kidogo hadi kikubwa. Siku nyingine tenganisheni maharagwe kwa rangi. Anasema mtoto wa umri huu anajifunza akicheza, na jamaa yote icheze naye.

Mara ya kwanza nilicheka. Kuchagua maharagwe! Mimi nimechagua maharagwe maisha yangu yote na hakuna mtu aliniambia ati nacheza.

Tukaanza.

Siku ya vifuniko nilikuta sufuria ya githeri iko wazi, kifuniko chake kiko kwa ndoo, cha ndoo kiko kwa karai, na birika imevaa kofia ya Guka. Guka ndiye mzee wangu, mtoto anamwita hivyo, na mimi ananiita Cucu. Alikuwa ameshavaa koti ya kwenda mkutano wa wazee wa kanisa.

"Wangechi, nipe kofia yangu."

"Guka, hii imetosha hapa."

Na kweli ilikuwa imetosha. Mzee akaenda kichwa wazi kwa baridi ya Nyeri. Aliporudi akaniambia katibu wao, Gathogo, hakumtambua mpaka alipokohoa.

Hapo ndipo Muthoni akapiga simu. Jirani yake wa Wang'uru amemwonyesha video ya mtoto wake akihesabu mpaka mia, kwa Kiingereza.

"Maitu," akaniuliza, maana yake mama, "huyu wetu anafika wapi?"

Nikamwambia anafika mpaka mtoni na anarudi mwenyewe.

Hakucheka. Akasema watakuja Jumapili, shule ikifungwa, na kama mtoto hajui kuhesabu watarudi naye Wang'uru. Kuna akademi karibu na duka, ameshauliza nafasi.

Nilikaa kwa kigoda na simu mkononi mpaka githeri ikashika chini. Mtoto mwenye jina lako akiondolewa nyumbani kwako, ni kama wewe ndiye umefungiwa mizigo.

Halafu wiki hiyo hiyo Mwalimu Nafula akatuma mchezo mpya.

"Hesabu watu na wanyama wa nyumbani. Rekodi video fupi."

Nikasoma tena. Nikampa mzee asome. Mzee akarudisha simu kama imemchoma.

Nieleze kidogo kwa wale si wa huku. Sisi kitu cha kupumua hatuhesabu. Mbuzi, ng'ombe, na zaidi ya yote watoto. Ukinyoosha kidole "moja, mbili, tatu", unaonyesha mabaya mahali pa kuanzia. Mama yangu Nyaguthii alizaa watoto wengi, na mtu akimuuliza ni wangapi anasema, "Wako hapo." Jioni alijua nani hajarudi kwa sababu alituita kwa majina. Hata mbuzi alijua hivyo. Na mimi nikamfundisha Wangechi hivyo, tangu aanze kusema.

Nikafikiri, basi tufanye homework, mwalimu ataelewa. Nikashika simu nikamuuliza, "Wangechi, nyumbani kuna watu wangapi?"

Akaniangalia kama nimelewa.

"Cucu, watu hawahesabiwi. Kuna Cucu. Kuna Guka. Kuna Mama na Baba lakini wameenda mchele."

Akaninyang'anya simu akaenda nayo kwa wanyama. Ng'ombe Mweru. Mbuzi Njiru na Gatune, na mtoto wa Gatune ambaye hana jina kwa sababu hajaonyesha tabia.

Kisha akafika kwa kuku.

Lazima mjue ya kwamba kuku wangu wengi nilipewa zawadi na wamama wa kikundi, na kila kuku naita jina la yule alinipatia. Ni heshima hiyo. Naona mmeshaanza kuona mahali tunaenda.

"Huyu ni Wakiuru, hupenda kupigana. Huyu ni Gathoni, amelala. Huyu ni Nyawira. Nyawira hatagi, anakula tu. Cucu amesema atachinjwa Krismasi."

Nilitaka kumtumia mwalimu peke yake. Nikabonyeza mahali nabonyezanga siku zote, ikaenda kwa grupu nzima.

Nyawira mwenyewe ni mwenyekiti wa kikundi chetu. Mjukuu wake yuko darasa moja na wetu. Sote tuliona ameanza kuandika, akaacha, akaandika tena. Mwishowe ikatokea:

"Nimejiona. Krismasi nitakuja nikiwa tayari."

Nililala chini ya blanketi mchana.

Kesho yake mwalimu akaniita shuleni. Nikavaa leso safi, nikijua ni kesi ya kuku.

"Cucu, ya kuku mtamalizana wenyewe," akasema. "Mimi niko na shida na darasa. Kila jioni kabla waende nyumbani lazima niwahesabu. Huyu wako amewaambia ukihesabiwa unapotea. Jana nikasema 'moja', mmoja akaingia chini ya meza. Nikasema 'mbili', wakaingia wote. Cucu, nimehesabu meza!"

Nikajaribu kukaza uso. Sikuweza.

"Cheka tu," akaniambia, "lakini niambie ukweli. Mtoto anajua nambari ama hajui? Sababu ripoti naandika wiki hii, na mama yake ataisoma."

Hapo kicheko kikaisha. Nikamweleza yote, pamoja na mama yangu Nyaguthii. Mara yeye ndiye akaanza kucheka.

"Kwetu ukihesabu vifaranga vya mama yangu anakufukuza na mwiko wa ugali!"

Akamwita Wangechi, akamwaga vizibo vya soda kwa meza. "Hizi hazipumui. Hesabu, mama."

Wangechi akahesabu vizuri mpaka tisa. Halafu akasema, "Tisa iliyojaa. Kumi na moja. Kumi na mbili."

"Na kumi iko wapi?"

Ikabidi nieleze pia hiyo, ati wazee wetu nambari kumi hawakuitaja, walisema tisa iliyojaa, na mtoto ameisikia kwa Guka. Mwalimu akashika kichwa. Lakini tukapatana. Yeye jioni ataita majina, kila mtoto aitike, na baadaye akitaka ahesabu mabegi. Mimi nyumbani nitafute kila kitu kisicho na roho, na kumi nimfundishe kama kumi.

Wiki hiyo tulihesabu mpaka nikaota nambari. Vijiko. Magunzi ya mahindi. Vifungo vya koti ya mzee, na moja haikuwa, tukaitafuta, tukaipata kwa mfuko wa sadaka aliyokuwa ameandaa. Sitasema zaidi. Guka alipewa mahindi ya kuchoma ahesabu na mtoto, akawa anakula zile wamehesabu, kwa hivyo mtoto akajifunza kutoa bila mtu kumfundisha. Kwa maharagwe alifika mia. Nilipiga makofi, ng'ombe akashtuka.

Jumapili ikafika. Muriuki na Muthoni wakaja na gunia la mchele wa pishori. Chai ikamiminwa, tukakaa wote. Muthoni akamweka mtoto mbele yake.

Nikawahi na bakuli la maharagwe. "Wangechi, onyesha mama."

"Maitu, weka tu," Muthoni akasema, kwa upole lakini kwa msimamo. "Maharagwe amezoea. Nataka nione akihesabu kitu hajafundishwa. Wangechi, hapa ndani tuko watu wangapi?"

Mzee akasimamisha kikombe katikati ya safari.

Mtoto akaniangalia. "Mama, watu hawahesa..."

"Tazama sasa," Muthoni akamwambia Muriuki. "Nilikwambia hajui. Maitu, usikasirike, lakini mtoto ataachwa nyuma kwa mambo ya zamani. Mimi nahesabu magunia kila siku na sijaona mtu amekufa."

"Gunia haina roho," mzee akasema kwa kikombe.

"Baba, tafadhali."

Moyoni niliona nguo za mtoto zikikunjwa. Niliona kitanda chake kikibaki tupu. Nikamkumbuka mama yangu, nikamwomba msamaha kimoyomoyo.

"Wangechi," nikasema, "hesabu, mama. Cucu amekuruhusu."

Akanyoosha kidole chake kidogo kwa Guka. "Moja."

Mzee akafunga macho kama mtu anadungwa sindano.

Kidole kikaja kwangu. "Mbili." Nikavuta leso mpaka masikioni, kweli tupu.

"Tatu," kwa baba yake. Muriuki akajaribu kucheka, lakini niliona anajikunyata.

Kisha kidole kikageuka kwa Muthoni.

"N..."

Muthoni akakidaka kidole hewani. "Wacha! Mimi usinihesabu!"

Mzee akafungua macho.

"Kwa nini, Mama?" mtoto akauliza.

Mkono mmoja wa Muthoni umeshika kidole cha mtoto, na mkono ule mwingine, wakuu, ulikuwa umefunika tumbo. Ulienda huko wenyewe, hakuutuma. Muriuki alikuwa anaangalia viatu vyake kama vimeletwa leo.

Mimi nimezaa. Sikuhitaji kuambiwa.

Mzee ndiye alifungua mdomo. "Sasa hapo," akauliza polepole, "mtoto angesema nne, ama nne na tano?"

Muthoni akaanza kucheka, cheko likageuka machozi, likarudi cheko. Akasema walitaka kungoja kwanza, hawakutaka kutangaza. Akasema hata hajui amepata wapi kuogopa kidole. Ninajua. Mama yake ni Wanjira wa Wamagana, nimekaa naye kwa ruracio, siku ya mahari, na hata huyo hakutaja mbuzi zetu kwa nambari, alizungusha tu macho akasema zinapendeza.

Tukachukua lile bakuli la maharagwe. Wangechi akahesabu mpaka mia, na kumi ilikuwa mahali pake. Chai ikapoa, hakuna aliyejali.

Wakiondoka jioni Muthoni akanivuta kando. "Maitu, kaa naye tu. Mwalimu wake naona anajua kazi. Na mimi nitachoka miezi hii." Halafu akasita. "Na wewe usinitaje kwa maombi ya kikundi bado."

Sijamtaja, ni hapa tu nimesema, na hapa hamumjui.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto hahitaji vitu vya kununua ndiyo ajifunze. Vifuniko, magunzi, vijiko, mzee mmoja wa kukubali kunyang'anywa kofia, inatosha. Lakini kila nyumba iko na mambo yake yenye mtoto ameshika kabla ya shule, na mwalimu hawezi kujua usipomwambia. Ningemwambia Nafula mapema, watoto hawangeingia chini ya meza. Vitu tuvihesabu mpaka tuchoke. Watu tuwaite kwa majina.

Na yule mtoto wa Wang'uru wa kuhesabu mia kwa Kiingereza, Mungu ambariki, simchukii.

Haya, zamu yenu. Niwekeeni hapa chini michezo mnacheza na watoto huko kwenu, nitawasoma pole pole, miwani iko. Lakini msiniambie muko na watoto wangapi.

Semeni majina.