Dhahabu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kwaru, kwaru, kwaru: mkwaruzo huo ulitoka uani kwa shangazi Zainabu, mjini Koboko, na kabla sijaufikia mlango nilikwisha kujua (aibu yake naikiri hadi leo) kwamba kosa ni langu. Vipande vitatu vya kioo, vilivyopakwa utando wa dhahabu wenye vitundu na wembamba wa sehemu ya elfu ya unywele, nilivitoa maabara ya chuo bila ruhusa, kosa la kufukuzwa, ili shangazi aliyenilea aione kazi yangu ya shahada ya pili. Kisha, kwa kufikiri kupita kiasi, nikavificha kabatini kati ya glasi za wageni, ambazo haziguswi na mtu. Nilisahau kwamba kila mkesha wa Idi glasi hizo husuguliwa zote kwa majivu.

"Shangazi, dhahabu yangu!" nilipiga yowe, na laiti ningesema "kioo", kwani mara majirani walijaa uani, wawili wakiyachekecha majivu kwa chujio la chai.

"Iko wapi hii dhahabu?" aliuliza afande Juma, jirani mstaafu wa jeshi. "Mimi naona majivu tu. Hii chuo inafundisha watu kulilia kioo?"

"Ilikuwa na uchafu," shangazi alijitetea, "mimi nasugua, inatoka vizuri kabisa!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Vipande viwili vilikuwa vimebaki kioo kitupu. Cha tatu kilikuwa bado ndani ya beseni la maji, hakijasuguliwa, na nilipokiinua juani, kingali kimelowa, rangi yake ya zambarau (dhahabu nyembamba hivyo haing'ai manjano) ilikuwa imegeuka samawati. Kikakauka, na zambarau ikarudi polepole mbele ya macho yetu. Chujio la chai likawekwa chini. Mwanga huzitikisa elektroni za dhahabu, na maji yakijaa vitunduni mtikisiko hubadilika, na rangi pamoja nao: hayo niliyajua kwa hesabu, miezi minane nikiyasaka kwa vipimo, wala sikuwahi kuyaona kwa macho matupu.

"Rudisha kwa maji," afande alinong'ona. "Rudisha tena, binti."

Baada ya Idi nilikwenda posta ya Arua kupiga simu chuoni. Njia nzima nilitunga uongo (basi, shimo, mkoba kuanguka), na msimamizi wangu alipoitika, wote ukaniyeyuka.

"Mwalimu, nilivichukua bila kukuomba. Viwili vimeharibika, na sitarudia kamwe. Nifukuze ukitaka, lakini usikate simu kwanza: nimeiona, mwalimu. Nimeiona rangi ikibadilika."