Jiwe la Nne la Mdachi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mdomo zaidi kuliko sasa, na wanaonijua pale kijiwe cha bodaboda Bagamoyo watakataa kwamba jambo hilo linawezekana. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ilinichoka, lakini kwa kusimulia sijashindwa bado na mwenye digrii. Isipokuwa kisa hiki. Hiki nakiandika, kwa sababu nikikisema watu hucheka mahali pasipo pa kucheka.

Shamba letu lilikuwa kaskazini ya mji, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli: mihogo, minazi kiasi, na mikorosho aliyoiacha marehemu babu. Nililelewa pale na bibi yangu, Bi Tatu, pamoja na binamu yangu Ashura, aliyenizidi mwaka mmoja na akaufanya mwaka huo kuwa cheo. Kona ya mwisho ya shamba ilikuwa na kichaka cha mikoche, na ndani ya kichaka kulikuwa na mzimu. Kwa macho ulikuwa kitu kifupi cha kufika magotini, kimefungwa kaniki, juu yake kitambaa chekundu, mbele yake chetezo na sahani iliyomeguka. Kila Alhamisi jioni Bibi alikwenda huko na ubani na marashi. Sisi tulikatazwa hata kukaribia.

"Atakayeufunua mzimu huu," alisema, "atalala kwake, ataamka kwa watu."

Ashura aliamini. Mimi nilishuku, na nilikuwa na sababu zangu. Watu waendao mizimuni huenda kuomba: mvua, mtoto, kuku aliyeibwa. Bibi hakuwahi kuomba kitu. Kazi yake ilikuwa kuvisha. Kaniki ikichakaa anafunga mpya, anakaza fundo, anazunguka kukagua pembe zote kama mama anayemtoa mtoto sikukuu ya Idi. Halafu yeye ambaye hakuvumilia jani moja la ukoka kwenye mihogo yake, kichaka kile hakutaka kiguswe na jembe. Mwalimu wetu wa madrasa alipomwambia ile ni shirki, alimjibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe nisomee kitabu. Shamba niachie mimi."

"Bibi anaficha kitu," nikamwambia Ashura.

"Kitu gani?"

"Dhahabu ya Mdachi."

Usinicheke. Bagamoyo nzima inaamini Mdachi, yule Mjerumani wa zamani, alikimbia vita akaacha dhahabu chini. Mimi nilikuwa na miaka tisa, wapo wenye hamsini wanachimba mpaka leo.

Basi wakaja wapimaji. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mtu wa pwani kama sisi, mwenye miwani na sauti ya upole, kila mtu akimwita Mpimaji. Kuna bwana wa Dar es Salaam alikuwa amenunua karatasi ya shamba la zamani la pamba. Karatasi hiyo ilianza kwa Mdachi. Mwingereza alipomshinda Mdachi vitani akaichukua, akaiuza, aliyenunua naye akauza, ikapita mikono ya watu ambao hawajawahi kulima hata bamia pale, mpaka ikamfikia huyo bwana. Kila kilichokuwa ndani ya mawe manne ya Mdachi kilikuwa chake. Karatasi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa kona moja, hivyo lazima mawe yaonekane. Likikosekana la nne, mpaka ungefuata kijito, kama wazee wa kijiji walivyodai, na shamba letu lingebaki nje. Likionekana, tumo ndani.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilisikia salamu tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini kwenye mihogo yangu?"

"Mawe ya mpaka. Matatu tumeyapata, la nne hatulioni."

"Labda aliishiwa," Bibi akasema. "Mdachi naye alikuwa mtu."

Mpimaji akacheka, akaandika kitu. Bibi hakucheka. Alikaa kizingitini akimtazama mpaka akapotea njiani, na jioni, ingawa haikuwa Alhamisi, akaenda kichakani na kaniki mpya.

Siku nne walizunguka. Walipita mikorosho, walipita kisima, walisimamisha kile chombo chao cha miguu mitatu kila mahali, ila kichakani hawakuingia. Niliwaona wakifika pale na kupinda njia. Msomi mzima na miwani yake, anapinda njia. Nilimdharau sana.

Siku ya tano, mchana, walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa madafu, mimi na Ashura tunapita na kuni. Mmoja wa vijana wake akatuita.

"Dogo, mbona mkifika pale mnazunguka kama mbuzi walioona maji?"

"Pana mzimu," Ashura akasema.

"Kwa hiyo mnaogopa."

"Yeye ndiye anayeogopa," nikasema. "Mimi siogopi kitu."

Ashura akatua kuni zake chini ili acheke vizuri. "Shomari? Huyu hata chooni anasindikizwa, na huko njiani anaimba."

Wakacheka wote, na Mpimaji akacheka pia, kwa upole wake ule. Nikatupa kuni. Nikaingia kichakani, miba ikanichana, nikashika kaniki na kuivuta kwa mikono miwili. Fundo la Bibi lilikuwa gumu, nikatumia meno. Halafu nikaketi juu yake, miguu nimeinyoosha, nikawaambia, "Haya, mzimu wenu huu."

Hawakucheka tena. Mpimaji alisogea polepole, dafu bado mkononi.

"Shuka, baba," akaniambia. "Shuka taratibu."

Nikashuka. Lilikuwa jiwe la saruji, pembe nne, juu limechongwa msalaba na pembeni herufi za kizungu. Mpimaji akatoa leso yake mfukoni, akalifuta vumbi kama anavyofutwa mtoto aliyelia.

Ashura alikimbia kumwita Bibi. Alikuja akitembea. Nilitegemea bakora, nikajipanga kwa kulia. Yeye akaokota kaniki, akaikunja nne, na midomo yake ikawa inasema kitu ambacho sikukisikia.

"Umeliona," akamwambia Mpimaji.

"Nimeliona, mama."

"Basi andika."

Jioni ile ndipo alipotueleza, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Babu yake ndiye aliyelibeba jiwe lile kichwani, kutoka pwani. Aliyekataa kubeba alilazwa chini akachapwa hamsa wa ishirini, yaani mara ishirini na tano, kwa kiboko.

"Mdachi alisema ardhi hii haina mwenyewe," Bibi akasema. "Na mwenyewe yupo mbele yake, amembebesha jiwe."

Mwingereza alipokuja kuhesabu mali za Mdachi, babu yule alilifunika kwa majani, lakini majani hufyekwa. Akalivisha nguo, akaweka chetezo, na kuanzia hapo hakuna aliyesogea.

"Mzungu haogopi mzimu," nikasema, bado mjuaji.

"Mzungu haendi shambani peke yake, Shomari. Hutuma mtu wetu."

Kabla mwaka haujaisha tulihama. Ashura alirudi kwa mama yake mjini, mimi na Bibi tukaenda kwa mjomba, huko Vigwaza, chumba kimoja nyuma ya duka. Asubuhi ya kwanza Bibi aliamka akaenda ukutani kutafuta mlango upande ambao mlango wetu wa zamani ulikuwa. Nilijifanya nimelala.

Nilipokua nilimuuliza, kwa sababu kushuku hakujaniisha: "Bibi, ule mzimu ulikuwa wa kweli au mlitudanganya?"

"Mzimu wa kweli hufanya nini?" akaniuliza.

"Hufukuza watu."

"Basi."

Mpaka leo sijui kama aliamini. Nimeikumbuka mara nyingi ile midomo yake ikisema kitu pale kichakani, na siwezi kukuapia kwamba alikuwa akimlaani Mpimaji, au ananiombea mimi, au anaomba radhi kwa kilichokuwa ndani ya kaniki.

Sasa hivi napakia wageni wanaokuja kutazama majumba ya Mdachi. Wanapiga picha kuta zilizochakaa, wanasema enzi zile zimekwisha. Mimi nawaitikia, mteja ni mteja. Moyoni siwaamini. Mdachi aliondoka kabla Bibi hajazaliwa, na jiwe lake likaendelea kumfanyia kazi mpaka likatutoa.

Watu wa nyumbani husema nilikuwa mtoto, mtoto hana kosa. Ni maneno mazuri na nayashukuru. Lakini hesabu yangu inakataa. Ili babu yake Bibi alibebe jiwe lile ilibidi wamtolee kiboko. Mimi, ili niwape, ilitosha wanicheke.