Tundu la Upande wa Mama

Baba alipewa gari na Mzungu aliyemwajiri kama dereva. Ilikuwa miaka ya Zaire, wageni wanaondoka Kalemie mmoja mmoja, na yule mkubwa alimkabidhi funguo kituoni akapanda treni. Lilikuwa gari jeusi, la zamani hata wakati huo. Baba alilipenda kupita kiasi. Mama alikuwa akisema ameletewa mke mwenza mwenye magurudumu manne, tena asiyejua kupika.

Lilikuwa na kiyoyozi, kitu ambacho mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Baba alikiita klima. Mashine yenyewe ilifanya kazi. Kilichokufa ni matundu mawili ya kutolea hewa, moja kila kona ya dashibodi. Jua lilikuwa limekula plastiki, vibao vidogo vinavyoelekeza upepo vikadondoka kimoja kimoja. Hewa baridi ilitoka, ikapanda kwenye kioo cha mbele, ikapotea bure.

Hatukujali, mpaka miguu ya mama ilipoanza kuvimba. Daktari alisema moyo wake umechoka. Kila baada ya wiki mbili ilibidi apelekwe hospitali, upande wa pili wa mji, na joto la ndani ya gari lilimbana pumzi. Siku moja alizimia kabla hatujafika. Jioni ile baba alisimama mbele ya gari, akasema, "Ile tundu ya upande wa mama nitaitafuta, hata kama iko mbinguni."

Lubumbashi wangeweza kuagiza jipya kutoka Ulaya, ila kwa bei ile tungeezeka nusu ya nyumba. Basi tukahangaika na vya bei nafuu. Seremala alichonga moja la mbao, zuri la kuweka sebuleni, lakini liliziba hewa yote. Fundi bati akakata lingine kutoka kopo la maziwa. Hilo lilipiga mluzi njia nzima, mbuzi wakageuka kututazama, na mama akacheka mpaka akashika kifua.

Ndipo jirani yetu, mama aliyekuwa akivuka ziwa kuuza vitenge Kigoma, aliposema ameona magari kama lile huko, yamekufa, yanafunguliwa vipande gereji. Kwetu mtu akiagiza kitu ng'ambo hatumi namba, anatuma uzi. Ndivyo tulivyonunuliwa viatu na vioo vya madirisha. Baba alipima shimo la tundu, akafunga fundo la urefu na fundo la upana, akampa uzi. Mama akafungua sanduku lake, akatoa kitenge cha bluu ambacho hakuwahi kukivaa, kikabadilishwe na tundu.

"Ni ya upande gani, Papa?" jirani akauliza.

"Ya upande wa abiria," baba akajibu. "Umesikia? Upande ule dereva haikalake, hakai hata siku moja."

Alirudia mara mbili ili asikosee.

Baada ya wiki tatu jirani alirudi. Tundu lilikuwa jeusi, linang'aa, vibao vyote vimo. Lilikaa sawasawa na mafundo ya uzi. Baba akalipeleka upande wa mama, likakataa kuingia. Akaligeuza, likakataa. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi.

Kigoma dereva anakaa kulia, kwetu anakaa kushoto. Abiria wa kule yuko kushoto, na tundu lile lilikuwa limeumbwa kwa kona ya kushoto, kama kiatu cha mguu wa kushoto. Baba alilijua hilo, dereva gani wa ziwani asilijue? Lakini maisha yake yote abiria alikuwa mkono wake wa kuume, na neno lilimtoka kabla ya kufikiri.

Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mdomo usio na breki.

"Weka kwako," mama akamwambia. "Hata muntu mumoja apate hewa. Dereva ya mukubwa, leo mukubwa njo weye mwenyewe."

Baba alikataa, mama akamsumbua, akaliweka. Tulipokwenda hospitali upepo wote ulimpiga yeye usoni. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, kwa kidole akivisukuma vile vibao kuelekea kulia.

"Inafika?" akauliza.

"Inafika," mama akasema.

Mimi nilikaa nyuma ya mama. Niliona jasho likimtiririka shingoni hadi kola ikalowa.

Siku iliyofuata jirani alisema atapanda boti ya kwanza akabadilishe. Baba akamjibu, "Usikimbie, Mama. Utaenda wakati ya safari yako. Muke yangu anasema hewa inamufika kidogo." Akamkabidhi lile tundu, boti ya kwanza ikaondoka bila jirani, na ya pili pia.

Mama alifariki asubuhi moja, kitandani kwake, nikimchemshia chai. Najua tundu la plastiki lisingemponya. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado linaniuma.

Siku ya tatu ya matanga uwanja ulikuwa umejaa mikeka na watu. Jirani akaingia moja kwa moja kutoka bandarini, kapu kichwani, hana habari. Alipoona wamama waliojifunga nguo nyeusi, alisimama mlangoni na kifurushi cha tundu mikononi. Baba akainuka, akachukua kifurushi mikononi mwake, akaenda kutafuta bisibisi. Wajomba walitaka kumzuia. Shangazi akasema, mwacheni.

Tundu liliingia mara moja. Baba akawasha gari, akalizunguka, akafungua mlango wa kulia, akakaa kwenye kiti cha mama. Sikuwahi kumwona amekaa upande ule. Nilimfuata hadi dirishani. Upepo ulikuwa unainua kola ya shati lake, naye analia waziwazi mbele ya watu wote.

"Hii njo kufika," akaniambia. "Kumbe ile siku alinidanganya."

Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ile, na sikusema.