Nyumba ya Mwisho

Jumapili iliyopita nilimkuta Mama Nomsa kwenye ukumbi wa parokia, akiwafundisha watoto kufungua mlango kwa tabasamu. Ni ule mchezo wa Noeli aliotuletea padri wetu kutoka Meksiko: Maria na Yosefu wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na kufukuzwa, mpaka nyumba ya mwisho inawapokea.

Utotoni niliwahi kuwa Maria. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Nomsa, ikinukia kuku wa kuchoma. Alifungua, akamwona mama yangu nyuma yetu na kitenge chake.

"Hapa hakuna nafasi. Rudini kwenu Kongo!"

Akaubamiza mlango.

"Mama, huyu anajua kuigiza!" nilicheka.

"Anajua, mtoto yangu," mama alisema, akitazama chini. "Umupigie makofi."

Nilipiga mpaka viganja vikaniuma.