Skochi ya Mama Mudogo

Kwetu Uvira, kado, zile zawadi za ndoa, zinafunguliwa kesho yake, mchana, mbele ya ukoo mzima. Mjomba mmoja anasimama katikati, anapasua karatasi, na kama kuna barua ndani anaisoma kwa sauti mpaka majirani wasikie. Sijui nani alianzisha mateso hayo, lakini siku ya ndoa ya mdogo wangu nilimlaani ndani ya kanisa.

Nilikuwa nimemletea mdogo wangu glasi sita ambazo si mimi nilizinunua. Mama mudogo, ndugu wa mama yangu anayeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kule Makobola, ndiye alinipa kwa ndoa yangu mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Zilifika juma moja baada ya kado zingine kufunguliwa, na nyumbani glasi zilikuwa zimejaa. Nilitikisa karatoni, nikasikia ni glasi, nikaisukuma chini ya kitanda. Niseme ukweli, sikuifungua hata siku moja. Sasa nikabandua jina lake, nikabandika langu. Ile karatasi ya maua mekundu inauzwa soko lote, nani angejua?

Katikati ya misa, mama mudogo aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mdogo yako nimemuwekea barua mu karatoni, sawa ile yako. Uliisoma?"

"Niliisoma, mama mudogo. Hata nililia."

Akanifinya mkono kwa furaha. Ee Mungu wangu! Kesho mjomba angeisoma ile barua yenye jina langu, mama mudogo akiwa amekaa palepale. Angejua nimetupa kado yake, tena nimemdanganya kanisani.

Kesho yake, watu wakiwa bado wanakula, nilijifungia mu chumba cha mama yangu huko Rugenge, kado zilikopangwa. Mama mudogo anafunga kila kitu sawa anavyofunga ndagala za kupeleka Bukavu: skochi pana ya kahawia, utepe wa gundi, mizunguko mitatu kila upande. Nilishika ncha, nikavuta haraka kwenda juu. Krrr! Ua zima la karatasi likang'oka na gundi.

"Kuko nini humo ndani?" mama yangu akauliza toka uani.

"Panya!"

Nikapoa. Nikakunja skochi irudi nyuma, ilale karibu juu yake yenyewe, nikavuta polepole. Hapo nikaelewa. Ukivuta kwenda juu, unainua karatasi pamoja nayo. Ukiilaza, nguvu yote inakaa kwenye kamustari kembamba pale gundi inapoachia, na karatasi inabaki imetulia. Ukiharakisha, gundi inakaza. Ukiipa muda, inaachia bila kelele. Ilipokataa niliweka kikombe cha chai ya moto juu yake, nikahesabu mpaka ishirini, ikalainika. Nikaanza kujiona fundi.

Barua ilikuwa juu ya glasi. "Barabara imekatika na mvua, minye sikufika. Saa ulikuwa kanisani nilivaa kikwembe cha ndoa yako, nikacheza peke yangu jikoni mpaka chakula kikaungua. Ukinywea hizi, ujue nilikuwako."

Safari hii nililia kweli, kamasi na vyote. Miaka mitatu chini ya kitanda! Nilijichukia.

Glasi na barua nikazitia mu mfuko wangu. Ndani ya karatoni nikaweka kikwembe changu kipya, kitenge nilichokuwa nimekuja nacho kwa kubadilisha nguo. Kisha nikairudisha skochi, mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja pahali pake, na upande wa lile ua lililong'oka nikaugeuza chini. Kazi safi, nilijivuna.

Mjomba akapasua juu kwa kisu. Vigelegele! Wanawake wakakipitisha kikwembe mkono kwa mkono, mdogo wangu akanikumbatia. Mama mudogo peke yake hakukitazama. Aliokota karatoni tupu, akapitisha kidole juu ya mizunguko mitatu ya upande huu, halafu mitatu ya upande ule. Uvira nzima hakuna mtu mwingine anafunga hivyo. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Akaja kukaa karibu yangu, mpole kabisa.

"Weye, kesho nitapita kwako," akasema. "Uniwekee maji ya kunywa mu glasi."