Bafle kwenye Njia ya Kilio

Kaka yangu mkubwa anapakia tena mkoba wake wa mgongoni, na kitu cha kwanza alichotia ndani ni bafle. Ni spika ndogo nyeusi, ukubwa wake kama mkate, lakini sauti yake inafika mbali. Ameniona nimesimama mlangoni, akasema, "Usiniangalie vile. Safari bila ambianse, bila shangwe, ni kama kilio."

Maneno hayohayo aliniambia mwaka jana, na mwaka jana tulikuwa tunakwenda kwenye kilio kweli.

Baba alikufa wakati wa mvua nyingi. Tulimzika hapa Kolwezi. Dada yake, shangazi yetu anayelima mihogo mbele ya Kasaji, hakuweza kuja kwa sababu njia ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimelia na watu wote wa ukoo isipokuwa yeye, na moyo wangu ulikuwa kama shamba lililolimwa nusu. Nilitaka kitu kimoja tu: niingie uani kwake, tushikane, tulie pamoja.

Siku ya kuondoka nilimpa kaka chumvi, sabuni na kitenge cha shangazi avitie mkobani. Akavirudisha.

"Kumejaa."

Nikachungulia. Bafle, batri ya akiba, nyaya, tableti ya filamu.

"Yaya," nikamwita kaka, "utaangalia filme mu pori?"

"Sasa mu pori iko nini ingine ya kuangalia?"

Basi mzigo wa shangazi nikaubeba kichwani. Tulishuka gari-moshi Kasaji, na kwa kuwa pikipiki zilikuwa zinakwama kwenye tope, tukaenda kwa miguu siku mbili.

Kaka, alipokuwa mtoto, aliwahi kupita njia ile na baba. Mimi sikuwahi. Nilitaka anionyeshe walipopumzika, anieleze baba alikuwa anasema nini akitembea. Kila nilipouliza ilinibidi nipige kelele juu ya magitaa ya bafle, naye anajibu, "Eh?" Baada ya mara nne nikanyamaza. Mama mmoja mwenye jembe alisimama kando ya njia akamuuliza, "Tata, ndoa iko ya nani?" Kaka akacheka, akamchezea hatua mbili. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa cheusi kichwani. Niliinamisha uso.

Hapo ningeweza kuishia, na kosa lote likabaki kwake. Lakini siku ya pili mchana alizima bafle mwenyewe, kulinda batri. Miguu yangu ilikuwa imevimba na chumvi ilinielemea. Tulipoanza kupanda kilima cha mwisho nikamwambia, "Weka ile ya jana. Ongeza sauti kidogo." Akaongeza. Nikapanda vizuri. Sisemi uongo, nilipanda vizuri sana.

Shangazi alikuwa amesimama uani. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zinadondosha maji. Kitambaa chake cheusi kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti.

"Mulitosha matanga," alisema. "Mulitosha bila mi."

Kwetu familia ya marehemu haipigi muziki mpaka siku ya kutosha matanga, siku ya kuvua nyeusi. Alikuwa ametusikia tangu tukiwa mtoni, chini ya kilima. Alidhani kilio kimekwisha Kolwezi na tunakuja kumpa habari, na hakutaka tumkute amebaki nyuma. Akavua, akanawa kichwa.

"Hapana, shangazi," kaka alisema. "Ile ni ya njia tu. Ya kusaidia miguu."

Shangazi akamtazama miguuni. "Miguu yako iko na masikio?"

Kaka hakusema kwamba ni mimi niliyeomba. Na mimi sikusema.

Nilimshika shangazi mkono, nikamwomba afunge tena kitambaa. Akakataa kwa upole. Kitambaa kilichovuliwa hakifungwi tena. Ukikifunga, unaita kifo kingine. Nikalia mwenyewe. Yeye alinipapasa bega kama mtu anayemtuliza mgeni, akasema, "Basi, mama, basi," macho yake makavu. Kisha akashukuru kwa chumvi, akaenda kusonga bukari, ugali wa mihogo yake.

Watu wakiniuliza kama msafiri abebe vitu vya muziki na filamu, ninasema aviache nyumbani. Wanadhani ninachukia kelele. Sichukii. Muziki ule ulinibeba kilima kizima, na ndiyo sababu siutaki.

"Sasa matanga imeisha kweli," kaka ananiambia akifunga zipu. "Shangazi mwenyewe atacheza. Unakuja ao haukuji?"

"Ninakuja."

"Bitu byake nitie wapi? Kumejaa."

"Nipe," nimemwambia. Nimeketi sakafuni ninafunga chumvi kwenye kitenge. Safari hii nitamwambia shangazi nani aliomba sauti iongezwe. Nitamwambia kabla sijautua mzigo.